Unataka kubadili fani? Anza na daftari, barua ya kuacha kazi isubiri

Barua ya kuacha kazi niliiandika mara nne. Tatu za mwanzo ziliishia kwenye droo, na leo nashukuru, maana kila moja ilikuwa na sababu tofauti na mwenzake. Katika ya kwanza nilimlaumu bosi. Katika ya pili niliulaumu uhasibu wenyewe. Kufikia ya tatu nilikuwa nimeshakopa na kununua kamera, na nimejiaminisha kwamba nilizaliwa niwe mpiga picha. Mtu ambaye sababu zake zinageuka kila baada ya miezi michache hajui anakokwenda. Anajua tu kwamba alipo pamemchosha.

Kama na wewe uko hapo, hatua hizi zinaweza kukusaidia. Hazitakuambia ufanye kazi gani. Zitakupa njia ya kujua, na nakutahadharisha mapema kwamba kazi kubwa humu ni kuandika, kuuliza na kujaribu. Kuwaza peke yake nilikuwaza miaka miwili, nikaambulia kuumwa kichwa.

Hatua ya 1: Jua kwanza unakimbia nini

Kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo kabla ya kuitupa nguo nzima, ipekue. Kazi yoyote ina tabaka zake: shughuli unayoifanya saa kwa saa, watu unaofanya nao, mazingira (muda wa kuingia na kutoka, safari, kelele), malipo, na mwisho ndiyo fani yenyewe. Mara nyingi kinachouma ni tabaka moja, lakini maumivu yanasambaa hadi tunadhani yote yameoza.

Pima hivi. Chukua tabaka moja moja, ujiulize: kama hili tu lingebadilika kesho na mengine yakabaki vilevile, ningeendelea kutafuta pa kwenda? Bosi mpya. Mshahara ulioongezeka kwa theluthi. Siku mbili za wiki kufanyia kazi nyumbani. Ukiona kwamba bosi mpya angemaliza tatizo, unachohitaji ni kuhama idara au mwajiri. Hiyo ni safari fupi sana ukilinganisha na kuanza fani upya, na hakuna aibu kuishia hapo.

Halafu kuna suala la uchovu, na hapa usiharakishe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu unaotokana na msongo wa kazini wa muda mrefu usiodhibitiwa, likautaja kwa dalili tatu: nguvu kuisha, kujitenga na kazi kimawazo au kuiona kwa kejeli, na kuhisi kwamba ufanisi wako umepungua. Shirika hilo linauhesabu kuwa hali ya kikazi na haliuweki kwenye orodha ya magonjwa. Ninaileta hoja hii kwa sababu aliyechoka kiasi hicho hana kipimo. Ukimuuliza anataka kazi gani, anajibu, "Popote wasiponisumbua." Hiyo si fani, ni kitanda. Chukua likizo kwanza, wiki mbili mfululizo kama unaweza, simu za ofisi zikiwa zimezimwa, ndipo urudi kwenye swali. Na kama usingizi umepotea kwa wiki nyingi au umeanza kukata tamaa ya maisha, mwone daktari. Suala la kazi litakusubiri.

Hatua ya 2: Daftari la siku 14

Ningeambiwa nichague hatua moja tu, ningechagua hii. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni. Kwa siku 14 za kazi andika kila shughuli iliyochukua zaidi ya nusu saa: muda, ulichofanya, alama kuanzia −2 hadi +2, na sababu kwa maneno machache. Shughuli iandike kwa kitenzi. "Uhasibu" ni jina la idara, haliwezi kukuambia kitu. "Kulinganisha", "kuomba", "kueleza", "kusubiri sahihi", hayo yanaongea.

Ukurasa wangu mmoja wa Jumanne ulikuwa hivi:

Saa 2:30 hadi 4:00 asubuhi, kulinganisha taarifa ya benki na leja: +1. Kimya. Nimelipata kosa la mwezi uliopita.
Saa 4:00 hadi 5:15, kikao cha bajeti: −2. Nimejibia makosa ya idara nyingine.
Saa 5:20 hadi 5:50, kumwelekeza kijana mpya kufunga mwezi (kukamilisha hesabu za mwezi) kwenye programu: +2. Sikuona muda ukipita.
Saa 8:00 hadi 10:30 alasiri, kupiga simu kuomba risiti: −1, mpaka −2 kwa yule aliyenikatia.

Andika shughuli ikimalizika tu. Ukingoja usiku, utakachoandika ni lile tukio lililokuudhi kuliko yote na lile la mwisho, kwa sababu kumbukumbu zetu zina upendeleo huo. Siku mbaya utaikumbuka yote kuwa mbaya, kumbe asubuhi ulikuwa na saa moja na nusu ya raha.

Siku 14 zikiisha, usijumlishe alama kutafuta wastani. Wastani wangu ulikuwa karibu na sifuri, na sifuri haina ushauri. Badala yake chukua kalamu mbili za rangi, zungushia vitenzi vyote vya +2 kwa rangi moja na vya −2 kwa nyingine, kisha tazama vinavyojirudia. Kwangu, "kumwelekeza" kulitokea mara sita na hakukuwahi kushuka chini ya +1. Upande wa pili kulijaa "kuomba", "kufuatilia" na "kujibia". Miaka saba nilijua nauchukia uhasibu. Daftari likaniambia kwamba namba hazina kosa lolote, nilichokichukia ni kudai karatasi kwa watu wasiotaka kuzitoa.

Hili lilinichukua muda kulimeza. Mtu hujenga hadithi ya mateso yake na kuizoea.

Hatua ya 3: Achana na hesabu ya miaka iliyopita

Kuna methali ninayoiheshimu, lakini katika jambo hili imewafunga wengi: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimesoma miaka minne, nimekaa kazini saba, sasa niache? Mwaka 1985 wanasaikolojia Hal Arkes na Catherine Blumer waliwapa watu hali ya kufikirika. Umelipia safari mbili za mapumziko, moja imekugharimu mara mbili ya nyingine, ila ile ya bei nafuu ndiyo unayotarajia kuifurahia zaidi. Ghafla unagundua zote ziko wikiendi ileile na tiketi hazirudishwi. Zaidi ya nusu walichagua ile ya gharama kubwa. Yaani walikubali raha ndogo kwa ajili ya pesa ambayo haikuwa inarudi kwa vyovyote.

Jiulize hivi: kama leo asubuhi ningeamka na vyeti hivi na uzoefu huu nimepewa bure, bila jasho, ningeomba kazi hii? Jibu lako ndilo lenye uzito. Miaka ilishalipwa, iwe utabaki au utaondoka.

Na wala haipotei. Inahitaji tu kutafsiriwa kwa lugha ya watu wa nje. Ukiandika kwenye wasifu kwamba "unafunga mwezi", mwajiri asiye mhasibu haelewi. Ukieleza kwamba kila mwezi unakamilisha kazi ambayo tarehe yake haisogezwi, kwa kukusanya taarifa kutoka idara kumi, anaelewa kwamba una nidhamu ya muda na unajua kuishi na watu wagumu. Kaa chini uandike mambo kumi ya namna hiyo. Mwombe mtu asiye wa fani yako asome, na popote atakapouliza "maana yake nini?", andika upya.

Hatua ya 4: Weka njia tatu mezani

Ukiwa na wazo moja tu, utakuwa wakili wake, utatetea kila udhaifu wake. Kwa hiyo andika matatu: la karibu (fani ileile, majukumu tofauti), la kati, na la mbali. Kila moja kwa sentensi yenye kitenzi, watu utakaowahudumia na mazingira. Yangu yalikuwa kuwafundisha wafanyakazi wapya programu za hesabu, kufanya ukaguzi wa ndani kwenye taasisi kubwa, na kupiga picha za harusi. Hatua hii isizidi jioni moja. Hakuna haja ya kuyapamba, kwa sababu hatua mbili zinazofuata zitayachanachana.

Hatua ya 5: Waulize waliolala ndani

Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Tafuta watu wawili au watatu kwa kila wazo, na hakikisha mmoja wao ni mtu aliyeiacha kazi hiyo. Walioko ndani wanatetea walipo, waliotoka wanatetea kutoka kwao. Ukweli utauokota katikati.

Utawapata wapi? Usianze na marafiki wa karibu. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter, katika makala yake ya mwaka 1973, aliwachunguza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, akakuta zaidi ya 8 kati ya 10 walisaidiwa na mtu waliyekuwa wakionana naye mara mojamoja au kwa nadra. Ukifikiri kidogo, ina mantiki: rafiki yako wa kila siku anajua yale unayoyajua. Mliyesoma naye mkapotezana, jirani wa zamani, mtu mliyekaa meza moja kwenye semina, hao ndio wana habari zisizofika kwako.

Ujumbe uwe mfupi: "Habari za siku. Nafikiria kuingia kwenye kazi kama yako na ningependa kuelewa siku yako inaendaje. Naomba dakika 20 wiki hii au ijayo, kwa simu au ana kwa ana. Siombi kazi." Sentensi ya mwisho ni muhimu, inamwondolea mtu mzigo. Na ukiomba dakika 20, ikifika ya 20 simama. Akitaka kuendelea atakuambia.

Usiulize "unaipenda kazi yako?" Hilo hujibiwa kwa adabu tu. Uliza: jana, tangu ulipoanza mpaka ulipomaliza, ulifanya nini? Kipi kinakula muda wako ambacho sisi wa nje hatukioni? Waliotoka walitoka kwa nini? Ungekuwa unaanza leo, ungeingilia mlango gani?

Swali la pili ndilo lililoniokoa. Mpiga picha niliyezungumza naye, mtu mpole na mwenye kipaji, alianza kuhesabu kwa vidole. Katika siku kumi za kazi, alisema, kamera anaishika mbili. Zinazobaki ni kujadiliana bei, kuhariri, kupanga ratiba na kudai. Nikamuuliza kudai nini. "Malipo," akasema. "Nusu ya mwisho haiji bila simu tano." Nilikuwa nakimbia kudai risiti ili nikaingie kwenye kudai malipo. Ndiko kuruka majivu na kukanyaga moto.

Hatua ya 6: Jaribu kwa kiasi kidogo

Mazungumzo yatakuondolea njia moja au mbili. Iliyobaki iguse kwa mikono kabla ya kuivalia njuga. Jaribio la kwanza liwe la saa moja au mbili, kwa mfano kumfuata mtu kazini na kutazama. La pili liwe la siku mbili. La tatu likiwepo, liwe la mwezi mzima nje ya saa za ajira yako. Usiruke ngazi. Mimi kamera niliinunua kabla sijapiga picha hata harusi moja, nikaja kuiuza kwa hasara, na mkopo ukaendelea kukatwa miezi minane baada ya kamera kuondoka. Hakuna aliyenidanganya. Kipya kinyemi, na mimi kilininyemelea nikiwa nimefumba macho.

Jaribio lenye maana lina sifa mbili. Kwanza, lazima ndani yake mtu akutane na sehemu chosha ya kazi. Kuoka keki ya rafiki si kujaribu uokaji, lakini kupokea oda tatu za watu usiowajua, zote za siku moja, ni jaribio. Pili, andika kabla ya kuanza ni matokeo gani yatakufanya uachane na wazo hilo. Usipoandika mapema, utakuta kila matokeo yanageuzwa kuwa ishara njema.

Kwa upande wangu, niliomba kufundisha watu wa kikundi kimoja kidogo kuweka hesabu zao, Jumamosi nne, bila malipo. Niliandika: "Nikifika ya tatu natafuta kisingizio, basi." Ya tatu nilikuwa na mafua, sauti imekauka, na bado nilifika kabla yao. Maandalizi yalikuwa marefu kuliko nilivyodhani, karibu saa nne kwa kila saa mbili za darasa, na hilo liliingia kwenye hesabu.

Kabla ya kujaribu chochote chenye malipo, soma mkataba wako wa ajira. Mingi ina kifungu kuhusu kazi ya pembeni au mgongano wa maslahi, na ni heri ukijue wewe kabla hakijasomwa na wengine.

Na kama wazo lako ni biashara yako mwenyewe, usiache mbachao kwa msala upitao. Watafiti Joseph Raffiee na Jie Feng walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa wajasiriamali wa Marekani. Walioanza biashara huku wakiwa bado wameajiriwa, kisha wakahamia huko kikamilifu, uwezekano wao wa kufunga biashara ulikuwa chini kwa takriban theluthi moja kuliko walioacha ajira na kuanza papo hapo. Maelezo mojawapo ni kwamba mguu mmoja ukiwa bado kwenye ajira unajifunza, na linaloonekana halilipi unaliacha kimyakimya.

Hatua ya 7: Hesabu miezi, usihesabu pesa

Swali la fedha liulize hivi: nina miezi mingapi? Gawa akiba yako kwa matumizi ya lazima ya mwezi mmoja. Sasa tazama mfano huu. Katika kila 100 unazopokea, unatumia 80 na kuweka 20. Ili ununue mwezi mmoja wa kuishi bila mshahara unahitaji 80, yaani miezi minne ya kuweka akiba. Miezi sita ya uhuru itakuchukua miaka miwili. Ukishusha matumizi hadi 65, unaweka 35 kwa mwezi na unahitaji 65 tu kwa kila mwezi wa uhuru. Miezi ileile sita unaipata kwa miezi kumi na moja na siku chache. Kupunguza matumizi kunafanya kazi pande zote mbili, akiba inapanda na hitaji linashuka. Ndiyo maana nasisitiza kuanza na hili mwaka mzima kabla, hata kama hujajua unakokwenda.

Kisha ongeza yale ambayo mwajiri amekuwa akiyabeba bila wewe kuyaona: bima ya afya, mchango wa pensheni, posho. Angalia mkopo wowote unaokatwa kwenye mshahara, masharti yake yanasemaje ajira ikikoma. Angalia muda wa notisi.

Wale mnaokaa nao nyumba moja wape namba hizi, mapema. Ukimuuliza mwenzi wako "unaniunga mkono?" atasema ndiyo kwa upendo, na mwezi wa nne mtagombana. Muulize, "Tukikaa miezi sita hivi, tutakata nini?" na muandike pamoja.

Hatua ya 8: Amua kwa tarehe

Kuna zoezi ambalo mwanasaikolojia Gary Klein alilitangaza sana mwaka 2007. Jifanye mwaka umeshapita na uamuzi wako umeharibika kabisa. Andika kwa dakika kumi, kwa wakati uliopita, nini kilitokea. Utashangaa jinsi sababu zinavyomiminika ukishakubali kwamba jambo limeshaharibika. Yangu ilisema: "Nilitegemea mteja mmoja, akahamisha mafunzo ndani ya kampuni yake." Nikaongeza sharti kwamba siondoki kabla sijapata wawili.

Andika basi masharti yako, yasizidi manne, na tarehe. Mfano: miezi sita ya akiba, wateja wawili au ofa moja ya maandishi, na jaribio la mwezi limekwisha. Tarehe ikifika na masharti yametimia, ondoka. Hayajatimia, ongeza miezi mitatu mara moja tu, halafu urudi hatua ya 4 na wazo jingine.

Na kama kila kitu kimetimia ila moyo bado unasitasita? Mchumi Steven Levitt alifanya jaribio ambamo maelfu ya watu waliokwama kwenye uamuzi walirusha sarafu mtandaoni, wengine wakiwa na swali hilihili la kuacha kazi. Matokeo yalitoka mwaka 2016: kwa maamuzi makubwa, waliofanya mabadiliko walikuwa na furaha zaidi miezi sita baadaye kuliko waliobaki walipo. Kumbuka hao ni watu waliojitolea kushiriki na waliokuwa nusu kwa nusu, si waliokurupuka. Lakini kama umepita hatua saba na bado uko nusu kwa nusu, mizani inaelemea upande wa kwenda.

Notisi itumie vizuri. Kabidhi kazi kwa maandishi, chukua nakala za vyeti na hati zako binafsi tu, mafaili ya ofisi yaache ofisini, na mwombe mtu mmoja anayeijua kazi yako akubali kuwa mdhamini wako kabla hujatoka mlangoni, maana baada ya mwaka namba za simu hubadilika na watu huhama.

Barua yangu ya nne ilikuwa na mistari minne: tarehe ya mwisho, shukrani, ahadi ya kumwelekeza atakayepokea nafasi yangu, na sahihi. Sababu sikuzitaja. Bosi aliisoma akiwa amesimama, akauliza kama nitaweza kukaa mpaka mwezi ufungwe, nikamjibu kwamba tarehe hiyo nimeshaihesabu.